Kichwa Chini Shambani kwa Palmer

...siyo damu, damu haina harufu ya siki, damu haiwashi macho namna hii, Ardis alijiambia huku tone jingine likimtambaa kutoka kidevuni hadi puani, likipanda, la, likishuka, maana sasa kule kulikokuwa juu ndiko chini, likapita katikati ya nyusi na kuzama kwenye nywele alizozitengeneza saluni jana kwa ajili ya mjukuu, ni bitiruti, chupa ya bitiruti imepasuka, ile aliyoizungushia taulo na kuipakata mapajani njia nzima kama yai, kwa sababu Kirsten alisema kwenye simu, mama, tangu nimejifungua sina hamu ya kitu kingine ila bitiruti zako za siki, na Mungu akubariki mwanangu kwa hamu zako, ungetamani supu ya moto mama yako sasa hivi angekuwa ameiva uso mzima... na hapo ndipo alipojua kwamba ananing'inia. Alilijua polepole, kama mtu anayeamka nyumba ya ugenini na kushangaa mlango umehamia upande gani, mkanda unamkata begani na kiunoni, magoti yake yako juu ya kichwa chake, mikono inalewalewa, na paa la ndege ndilo sakafu, limejaa vitu vilivyomwagika, ramani ya Lowell, kofia ya Lowell, lefse zake, zile chapati za Kinorwe alizozikanda kwa viazi vya stoo na kuzifunga kwa kitambaa, soksi ndogo za sufu, moja, ya pili haionekani, na kioo cha mbele ambacho dakika chache zilizopita kilikuwa kimejaa mbingu sasa kimejaa tope, tope jeusi la Dakota mwezi wa nne, limebandikwa kwenye kioo kama mkate uliokandamizwa sahanini. Tumepinduka. Tumetua halafu tumepinduka. Alikuwa amekwisha anza kupiga makofi, hilo alilikumbuka kwa aibu kidogo, magurudumu yaligusa malisho ya Palmer taratibu hata hakusikia kishindo, akasema, ah, Lowell, vizuri, akainua mikono apige makofi, na gurudumu la mbele likashikwa, likadidimia, na mkia ukainuka nyuma yao bila haraka, kwa adabu, kama mtu anayesimama kanisani kupisha wenzake, ukaendelea kuinuka, ukapita pale ambapo mkia wowote wenye akili ungesimama, na Lowell akasema "a-a," hivyo tu, "a-a," kama anayemkanya mbwa.

"Lowell," aliita. Hakujibiwa. Chuma cha moto kilikuwa kikilia ti, ti, ti mahali fulani karibu na miguu yake, maji yakidondoka, au siyo maji, na zaidi ya hapo kimya, kimya ambacho Ardis alikifahamu vizuri kwa sababu alikuwa amekifanyia mazoezi kwa miaka arobaini, akiwa amesimama mbele ya sinki ya jikoni kwao kila Jumamosi mume wake aliporuka, mikono kwenye povu, sikio dirishani, akisubiri ule mngurumo urudi juu ya mashamba ya ngano, na ulipochelewa alisugua sufuria lile lile mpaka likang'aa kama jipya, watu walikuwa wakimsifia sufuria zake, hawakujua ni hofu ndiyo iliyozing'arisha... na ni Lowell mwenyewe aliyemwambia zamani, walipokuwa wachumba, eti hewani hakuna cha kugonga, Ardis, ndege haiui mtu juu, ni pale unaporudi, ardhi ndiyo yenye neno la mwisho, alimwambia hivyo akidhani anamtuliza. Eldon, rafiki wa Lowell wa kuruka, naye alikufa akirudi. Upepo wa ubavuni, kiwanja cha mji, mchana kweupe, bawa liligusa kwanza, na Ardis alipeleka bakuli la viazi vya kuoka na nyama nyumbani kwa Phyllis, mke wa Eldon, maana ndivyo wanavyofanya kwao, mtu akifa unapika, akamkuta Phyllis ameketi jikoni na koti lake la nje, na akadhani atasikia, kwa nini sikumkataza, lakini Phyllis alisema jambo jingine, alisema, unajua, Ardis, alikuwa akiniomba kila kiangazi niende naye, mara moja tu, nami nilikuwa na nguo za kuanika... "Lowell! Lowell, nijibu, usinifanyie hivi," alisema, akageuza shingo, shingo ikakubali, ahsante, akamwona ubavuni pake, naye ananing'inia, shati limemfunika nusu ya uso, tumbo lake jeupe liko wazi kama la mtoto anayevuliwa nguo aogeshwe, na lile tumbo halikuwa likitikisika, au lilikuwa, hakuweza kusema, macho yalikuwa yamejaa siki, na wakati ule mfupi, mrefu kupita yote aliyopata kuishi, aliona jikoni pake na kikombe kimoja juu ya meza.

Ndipo Lowell akatukana. Alitukana kwa lugha ya babu yake, tusi la Kinorwe ambalo hulitoa tu nyundo inapompiga kidole, tusi refu lenye farasi ndani yake, na Ardis, aliyemkataza tusi lile mbele ya watoto miaka yote, alilipokea kama sala ya Bwana. "Ardis? Ardis, uko wapi?" "Niko hapa hapa, nitakwenda wapi." "Unasikia miguu?" "Naisikia, imenijaa masikioni." "Cheza vidole." "Nacheza." "Vyote?" "Lowell, siwezi kuvihesabu, nimevaa viatu." Akamsikia akipapasa, swichi moja, tak, ya pili, tak, akihema, "umeme nimezima, mafuta nimefunga... nimefunga? Ndiyo, nimefunga," akijijibu mwenyewe, na mkono wake mmoja tu ndio uliokuwa ukifanya kazi, ule wa kushoto ulikuwa umelala kifuani, "bega hili limegoma," alisema, kama anayesema juu ya mfanyakazi. Harufu ya petroli ilikuwepo. Nyembamba, tamu, ikijichanganya na siki. Basi bado hatujapona, Ardis alifikiri, bado tumo mlangoni, na mkono wake wenyewe bila kumwuliza ukaenda kwenye kifungo cha mkanda. "Usifungue!" Lowell alipiga kelele. "Ukifungua utaangukia shingo, wako watu wamepinduka bila hata mchubuko wakavunjika shingo kwa kufungua mkanda, tulia, Ardis, nakuomba, ning'inia." Ning'inia. Neno zuri la mume kumwambia mke. Akaning'inia. Na mkanda ule, Mungu wangu, mkanda ule aliuvuta Lowell mwenyewe asubuhi, aliuvuta mpaka Ardis akalalamika, unanifunga kama bata wa sikukuu, naye akauvuta tena kidogo, na sasa kila pumzi iliyoumiza mbavu ilikuwa pumzi, ahsante kwa maumivu haya, ahsante kwa bata wa sikukuu...

Sauti zilikuwa zinakuja. Trekta, halafu trekta ikanyamaza, imekwama au imeachwa mbali makusudi, halafu miguu, ile sauti ya buti kwenye tope, faa, faa, faa, kila hatua ikinyonywa na kung'olewa, na sauti ya Dale, mume wa Kirsten, kijana mpole asiyepandisha sauti hata kwa ng'ombe, sasa akipiga mayowe, "Wako hai? Mama! Baba! Mko hai?" na nyuma yake baba yake, Palmer, mwenye shamba, akihema kama mvukuto, na uso wa Dale ukatokea kwenye kioo cha ubavuni, kichwa chini, la, kichwa juu, ni wao waliokuwa kichwa chini, ukaangalia, ukageuka mweupe. "Baba! Damu! Mama mkwe amepasuka kichwa, uso wote damu!" "Ni bitiruti," Ardis alisema. "Anaweweseka, baba, anasema bitiruti!" "Dale, mwanangu, nusa," alisema Ardis, "weka pua hapo kwenye ufa unuse," na Dale, kwa kuwa alilelewa kutii, akanusa, na Ardis akaona uso wa mkwewe ukipita kutoka kilio hadi mshangao hadi kitu ambacho kingekuwa kicheko kama kingepewa muda, na yeye mwenyewe akacheka, kicheko kilimuumiza mbavu hata akapiga ukelele, na Lowell akasema, "Nini? Nini? Anacheka au analia?" "Anacheka, baba," alisema Dale, naye machozi yakimtoka. Kisha Palmer. Palmer hajawahi kufika mahali bila neno, hata mazikoni, na Ardis alimsubiri, alitaka kweli kulisikia. "Lowell, bwana," ikasema sauti nje, "nilikwambia uje utue, sikukwambia uje ulime." "Palmer, petroli inavuja," alisema Lowell, "zima kiko chako." "Nimekwisha kitupa mtaroni, nacho kilikuwa cha marehemu baba, utanilipa kwa kuishi." Na hapo sauti ya Palmer ikapasuka katikati, kama jagi, akasema kwa upole ambao Ardis hakupata kuusikia kwake, "Mimi ndiye niliyewaambia pamekauka. Nilipita juu yake asubuhi na buti zangu. Pagumu kama meza, nikasema. Sikujua chini barafu imeshayeyuka." "Ajali haina kinga, Palmer," alisema Ardis. "Ina kinga, mkwe. Ningepita na trekta." Kisha akamfokea mwanawe alete sepetu, kwa sababu mlango ulikuwa umezikwa nusu na haufunguki bila kuchimba, na sepetu zikaanza, taratibu, wakiogopa chuma kisigongane na chuma kikatoa cheche, wakichota tope kama wanaochota uji.

Ni mto uliowaleta hivi. Theluji ya mwaka huu iliyeyuka yote kwa wiki moja, mto ukaacha kitanda chake, ukabeba daraja, na njia ya kuzunguka ikawa mwendo wa kutwa nzima, na mtoto alikuwa amezaliwa upande wa pili, na Ardis, ambaye kwa miaka arobaini hakuweka mguu ndani ya ndege ile, alisimama jikoni na chupa ya bitiruti mkononi akasema, haya, nipeleke. Lowell akachukua kitambaa. Akaenda kuosha kioo cha ndege. Kwa nini alisema haya? Kwa ajili ya mtoto, ndiyo, lakini pia kwa sababu nyingine, alikuwa na mpango, yeye na Kirsten walikuwa na mpango wa wanawake, walishaupika kwenye simu, kwamba wakishakula, mtoto akishapakatwa na babu yake, Kirsten atasema, baba, una mjukuu sasa, uza ile ndege, na Ardis atanyamaza tu, kama hajui lolote, naye Lowell hataweza kukataa mbele ya mtoto... ndivyo alivyopanda ndege, akiwa na bitiruti mapajani na hukumu mfukoni. Na wakaondoka, na akafumba macho, na Lowell akasema, "Ardis, fungua kidogo tu," na akafungua. Mashamba yote yalikuwa yamegeuka vioo. Kila shamba lililofurika lilikuwa na mbingu yake, mawingu yake, na mabata bukini walikuwa wakiruka chini yao, chini, aliona migongo ya mabata, nani aliyewahi kuona mgongo wa bata anayeruka, na kivuli cha ndege yao kilikimbia juu ya maji kama mtoto anayewafuata. Lakini siyo hayo, au siyo hayo tu, ilikuwa Lowell. Mtu yule wa nyumbani, mwenye mabega ya kuinama, anayejibu kwa mguno, anayelala kwenye kiti na gazeti usoni, hakuwemo mle. Alikuwemo mtu mwingine, ameketi wima, vidole viwili tu kwenye usukani, akiuongoza kama mtu anayemshika mkono mwenzi wake wa dansi, akimwonyesha, tazama ile nyumba, tazama ule mpindo wa mto, tazama, tazama, na akaongea nusu saa bila kukoma, na Ardis akakumbuka, kumbe huyu, huyu ndiye niliyeolewa naye, alikuwa huku juu wakati wote ule nikidhani amezeeka.

"Nitaiuza," Lowell alisema. Alisema kwa sauti ndogo, sepetu zikichota nje, na Ardis hakuelewa mara moja. "Nini?" "Kilichobaki nitakiuza. Chuma chakavu, chochote. Nimemaliza, Ardis. Ulikuwa na haki. Miaka yote ulikuwa na haki, na mara yako ya kwanza, ya kwanza, nimekupindua kama..." hakumaliza, na Ardis aliona kitu cha ajabu, chozi la mumewe likitoka jichoni na kupandia paji la uso, likiingia kwenye mvi, chozi linalokwenda njia isiyo yake. Basi amesema. Bila Kirsten, bila mjukuu, bila chakula. Kile alichokitaka kwa miaka arobaini kimemdondokea kikiwa kimeiva, na Ardis akakitafuta ndani yake kile kitu, ile furaha, ushindi, alikipapasa kama Lowell alivyopapasa swichi, na hakikuwepo, na hata hofu yake ya siku zote alipoitafuta haikuwepo, ile hofu aliyoamka nayo na kulala nayo, iliyokunywa kahawa naye, imekwenda wapi? Kwa sababu limekwisha kutokea. Hili ndilo nililokuwa nikiliogopa, alifikiri, na alistaajabu, hili hapa, mkia umeinuka, dunia imepinduka, petroli inanuka, na nimo ndani yake badala ya kuwa kwenye sinki, nimo, na nimeshika mkono wake... maana alikuwa ameushika, hakujua tangu lini, mkono mzima wa Lowell ulikuwa ndani ya mkono wake, wenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Heri nusu shari. Heri hii nusu yote, na ahsante kwa hiyo nusu, na ahsante kwa tope lililotupindua na tope hilo hilo likatupokea kama godoro, ahsante kwa Palmer na mdomo wake, na Phyllis, maskini Phyllis na nguo zake za kuanika, ahsante, Phyllis, mimi nimekwenda, nimekwenda mara moja, nimeona walichokuwa wakikiona. "Lowell," alisema. "Ndiyo." "Mtu hauzi kitu akiwa kichwa chini." Lowell akageuza shingo. "Unasemaje?" "Nasema, akili yako yote imeshukia utosini, na yangu pia. Tutaongea juu ya kuuza tukiwa na miguu chini, tumekula." "Ardis, ungeweza kufa." "Ningeweza. Na wewe pia, kila Jumamosi. Leo angalau tungekufa bila mtu kumsubiri mwenziwe." Hakujua kama anamaanisha aruke tena, hapana, hakumaanisha hivyo, huenda asubuhi ya kesho angekuwa na hasira mpaka meno yamtetemeke, huenda angemwambia, uza, uza hata leo, lakini hapo alipokuwa hakutaka mtu yule wa nusu saa ya mabata auawe kwa neno moja la haraka, alitaka kwanza kujua kama mtu huyo anaweza kuishi huku chini pia.

"Mlango unakuja," alisema Dale nje, "Mama, tutaingiza mikono, baba atashika mabega yako, mimi kiuno, nikisema tayari ndipo ufungue, sawa? Usifungue kabla." "Sawa, mwanangu." "Nimeleta na godoro la mbwa, utaniwia radhi." "Mbwa mwenyewe aniwie radhi." Na Lowell akasema, "Mtoe yeye kwanza," na Palmer akasema, "Ulidhani tutaanza na wewe, mlimaji wa malisho?" na upepo ukaingia pale mlango ulipofunguka, upepo baridi wenye harufu ya samadi na maji ya mafuriko, ukapiga siki usoni mwake ikauma vizuri, na kwenye upepo ule mlikuwa na kitu. Sauti. Nyembamba, kavu, ya hasira, kama bawaba inayodai mafuta, ikikatika na kuanza tena. Ilitoka mbali, upande wa nyumba, na juu yake sauti ya Kirsten ikiita, "Dale! Dale, niambie! Wako hai?" na Palmer akanguruma, "Wako hai, binti, rudi barazani na mtoto, huku kuna petroli!" na sepetu moja ikagonga tope, na Dale akasema, "Haya, Mama, tayari..." "Ngoja," alisema Ardis. "Mama, petroli." "Kidogo tu. Nyamazeni nyote. Palmer, funga mdomo wako mara moja tu maishani." Wakanyamaza. Hata chuma kilikuwa kimekwisha poa. Damu ilikuwa imemjaa kichwani ikivuma kama bahari, mbavu zilikuwa zikimlaumu, tone lilimning'inia kwenye nyusi, na Lowell, ambaye masikio yake yaliliwa na injini miaka mingi iliyopita, akaukaza mkono wake, akauliza, "Kuna nini? Mbona mmenyamaza? Unasikia nini, Ardis?" na Ardis, angali akining'inia, akamgeuzia uso wake mwekundu, akaanza kumwambia.